Kumbukumbu ya Pili ya Gundi

Jirani yake, yule kinyozi wa mlango wa pili, anadai kwamba Gundi alikufa juu ya ngazi. Anadai alikuwa na ndoo mkono wa kushoto na brashi mkono wa kulia, anabandika bango, na bango lenyewe lilikuwa la msiba wake mwenyewe. Akafika kwenye kona ya mwisho, akailaza vizuri kwa kiganja, akateremka, akaketi chini, akakata kauli. Kinyozi anaisimulia habari hii kila siku, wembe mkononi, na mteja aliye kwenye kiti hathubutu kubisha.

Wasikilizaji wapendwa, si kweli. Gundi alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, kitandani, ameegemea mito mitatu, na mdogo wake wa kike amemshikia kikombe cha chai. Lakini bango ni kweli. Bango la kumbukumbu yake alilichora mwenyewe. Alilichapa mwenyewe. Nakala nyingine alizibandika mwenyewe. Na kazi hiyo aliianza miezi minne kabla hajafa.

Karibuni kwenye kipindi. Leo tunamkumbuka Gundi, msanii wa kujitegemea, mchoraji wa mabango ya muziki. Tutasema baadhi ya mambo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza ni vigumu kuyaamini.

Gundi aliishi miaka arobaini na minne. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo alichora mabango. Jina alilopewa na mama yake walilijua watu wachache. Wengine wote walimjua kwa harufu. Gundi yake alikuwa akiipika mwenyewe, unga wa ngano na maji, kwenye sufuria iliyokatika mpini, na harufu yake ilimwingia kwenye mashati, kwenye nywele, kwenye kitanda. Ukikaa naye kwenye benchi moja, unainuka suruali imenata kwenye benchi. Ndiyo wakamwita Gundi, naye akaitika.

Chumba chake kilikuwa kimoja, dirisha moja, meza moja ndefu. Juu ya meza ilikuwapo fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba. Karatasi inalala chini, wino unamwagwa juu, halafu unaukokota kwa kipande cha mpira kutoka kichwani hadi miguuni. Unainua fremu: bango. Unashusha fremu: bango jingine. Gundi alikokota. Mdogo wake aliinua na kushusha.

Huyu mdogo wake mmjue vizuri, maana bila yeye hatungekuwa na kipindi. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mama yao. Alipomaliza darasa la saba mama akafariki, naye akaja kwa kaka yake na mfuko mmoja wa nguo. Akasimama kwenye ncha ya meza ile, upande wa dirisha, kwa miaka kumi na miwili. Si msemaji. Ni mtu wa kutazama. Kaka yake alikuwa akimwambia, "Mdogo wangu, wewe ungekuwa kamera ningekuwa tajiri."

Mabango hayo yalikwenda kwenye ukumbi mmoja wa muziki. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la magunia hapo zamani, na vumbi la magunia bado linawakohoza waimbaji. Hapo ndipo walipokutana wasanii wote wasio na kampuni nyuma yao: bendi zinazorekodi chumbani, godoro limeegemezwa mlangoni ili kelele za jirani zisiingie, washairi wa jukwaani, wacheza ngoma, na wale wanaosema ni wasanii na hakuna aliyewahi kuona sanaa yao. Gundi aliwachorea wote. Kila aliyepanda jukwaa lile alipandishwa kwanza ukutani na Gundi.

Sasa sikilizeni habari ya ukuta. Ukiingia ukumbini, mkono wa kulia kuna ukuta mrefu, mweupe. Mabango yote hubandikwa nje. Ukuta ule wa ndani haubandikwi kitu. Mwenye Ukumbi aliweka kanuni: ukuta ule ni wa msanii aliyefariki. Msanii akifa, anapewa ukuta wiki moja. Alianza na mpiga tarumbeta mmoja, zikatundikwa picha zake na mashati yake manne ya jukwaani. Wiki ikiisha, vitu vinashushwa, matundu yanazibwa, ukuta unapakwa chokaa upya. Turudie: ukuta ni wa marehemu, kwa wiki moja.

Na Gundi alikuwa na vitu vya kutundika. Hili watu wengi hawalijui. Mabango yalikuwa kazi ya watu. Mgongoni mwa mabango yaliyoharibika alikuwa akichora kazi yake. Onyesho likianza alikuwa akijibanza pembeni mwa jukwaa, kwenye pazia, anaipa bendi mgongo, anawatazama watu. Alichora nyuso za watu wanaposikiliza muziki. Mwanamke amefumba macho, viatu ameviweka mapajani. Mzee mlinzi mdomo wazi kama anayenyolewa. Wapenzi wawili waliokuja wamenuniana, wimbo umewasahaulisha. Michoro thelathini na mmoja kwa miaka ishirini na miwili. Mmoja, au miwili, kwa mwaka. Mdogo wake anasema kaka yake akichora bango alikuwa akipiga mluzi. Akichora hizo nyuso alikuwa kimya, hata ukimwita haitiki.

Siku moja alimwonyesha Kipaza. Kipaza ni kiongozi wa bendi kubwa kuliko zote pale ukumbini, na jina hilo alipewa kwa sababu hana haja ya kipaza sauti. Kipaza akapekua michoro yote thelathini na mmoja, toka mwanzo hadi mwisho, kisha akarudi mwanzo.

"Mimi niko wapi?"

"Hawa wanakutazama wewe, Kipaza."

"Naona. Lakini mimi niko wapi?"

Gundi akaviringisha michoro yake.

Kwa Mwenye Ukumbi alikwenda mara tatu, miaka mitatu mfululizo. Ombi lake lilikuwa lile lile: apewe ukuta wiki moja, atundike zile nyuso, watu waingie wajione. Mara ya kwanza aliambiwa tutaona. Mara ya pili aliambiwa kanuni ni kanuni. Mara ya tatu bendi nzima ilikuwa imekaa inakunywa soda, na Mwenye Ukumbi akamjibu kwa sauti ya juu ili wote wafaidi:

"Kufa kwanza, Gundi! Ukifa tu, ukuta wako."

Watu wakaangua kicheko. Gundi naye akacheka. Mdogo wake alikuwa mlangoni na furushi la mabango, akaona kwamba kaka yake anacheka kwa meno tu.

Basi, wasikilizaji wapendwa, Gundi akaanza kuitii ile amri.

Yalianza mapafu. Miaka ishirini na miwili ya kuvuta harufu ya wino na tina, ile dawa ya kuuyeyushia, kwenye chumba chenye dirisha moja. Akawa hawezi kupanda ngazi, kisha hawezi kukokota mpira, kisha hawezi kulala chali. Daktari akamwita mdogo wake kando, kwenye kibaraza, akamwambia kwa upole: wiki sita, labda nane. Jiandaeni.

Binti yule akatoka nje akamkuta Kipaza ameleta machungwa. Kipaza akamuuliza, "Wamesemaje?" Naye akamwambia. Hilo ndilo kosa analojilaumia hadi leo. "Nilikuwa nataka mtu wa kunisaidia kubeba," anasema. "Sikujua nampa mtu tangazo."

Maana jioni ile ile ukumbi wote ulijua. Na ukumbi ule, kwa wasioufahamu, huupati hivi hivi. Jumamosi hukamatwa miezi miwili kabla. Kwa hiyo wenzake Gundi wakakaa kikao, wenye huzuni ya kweli, wengine wakilia, wakafungua kalenda. Mmoja akapendekeza wiki ya sita. Wakasema mapema mno, tunaweza kumkuta bado yupo. Mwingine akataja wiki ya kumi na mbili. Wakasema kufikia hapo watu wameshasahau. Wakakata shauri: Jumamosi ya wiki ya tisa, saa kumi alasiri. "Tunamkumbuka Gundi." Wakaweka nafasi. Turudie hapo, kwa waliojiunga nasi sasa hivi: waliiwekea tarehe kumbukumbu ya mtu aliye hai, kwa sababu ukumbi hujaa.

Likabaki bango. Na hapo ndipo walipotazamana. Mchoraji wa mabango alikuwa mmoja tu.

Kipaza akaenda kwa mgonjwa, akavua kofia, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Gundi, ndugu yangu. Kuna kazi kidogo."

"Kazi ya nani?"

Kipaza akatazama dari. "Yako."

Akaeleza. Mdogo mtu alikuwa dirishani, anakunja nguo, ameuma meno, anangoja kaka yake amtimue yule mtu kwa kikombe. Gundi akauliza jambo moja tu.

"Na ukuta?"

"Ukuta wako. Wiki nzima. Mwenye Ukumbi amekubali kwa kinywa chake."

"Mdogo wangu," Gundi akasema, "nipe penseli. Na huo mto mmoja, nyanyua."

Mdogo wake hakuwa amemwona akikaa wima kwa siku kumi na nne.

Akajichora. Kipaza akaja kukagua, akakunja uso. "Umejichora mzima mno, bwana. Punguza mashavu." Gundi akapunguza mashavu. "Na jina la bendi liwe juu, herufi kubwa."

"Juu ya uso wa marehemu?"

"Watu wanakuja kwa bendi, ndugu yangu. Tusipakane mafuta."

Akaliweka juu. Rangi mbili, nyeusi na manjano. Nakala mia mbili. Safari hii mdogo wake ndiye aliyekokota, na Gundi ndiye aliyeinua fremu, akimkemea, "Usisukume! Vuta! Unamfanyia mtu msiba, si kufua mashuka."

Nasi hatuna usafi wa kujivunia. Redio hii hii ililisoma tangazo lile. Mara nne kwa siku, kwa majuma mawili. Tulisema "marehemu Gundi," kwa sababu karatasi tuliyoletewa ilisema hivyo, na hakuna aliyepiga simu kuuliza. Nyumbani kwake redio ilikuwa juu ya meza ya wino. Mdogo wake akaruka kuizima.

"Zima," Gundi akasema. Kisha akasema, "Au basi, acha. Nisikie nilikuwa mtu wa namna gani."

Na sasa, wasikilizaji wapendwa, likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitia kwenye kalenda. Gundi akapata nafuu. Wiki ya tano hospitalini walimtoa maji kifuani, wakambadilishia dawa. Wiki ya sita alitembea hadi kwa kinyozi akanyolewa. Wiki hiyo hiyo michoro thelathini na mmoja ilipelekwa ukumbini, imeviringishwa, ili ikatundikwe. Wiki ya saba akaona mabango yake yamebandikwa shingo upande na vijana wasiojua kazi, akashindwa kuvumilia. Akapika gundi. Akachukua ngazi. Hapo ndipo kinyozi alipomwona. Hadithi ya kinyozi imechukua ngazi ya siku ile ikaichomeka kwenye siku nyingine. Gundi hakufa pale. Alishuka, akafuta mikono, akaenda zake nyumbani akala akashiba.

Wiki ya nane, Kipaza na Mwenye Ukumbi wakaja pamoja. Hawakukaa.

"Gundi, umetuweka pabaya," akasema Mwenye Ukumbi.

"Nimekosa nini, mzee wangu?"

"Watu wamealikwa. Nyimbo zimeshafanyiwa mazoezi. Kuna wimbo umetungwa, unaitwa kwa jina lako, kiitikio chake ni 'lala salama'. Sasa huo tutauimbaje?"

"Uimbeni tu. Mimi nitakaa nyuma."

"Ukae nyuma!" Kipaza akadakia. "Watu watalia vipi wakigeuka wakakuona umekaa na soda?"

Wakamwomba asije. Walimwomba kwa adabu, lazima tuseme ukweli. Gundi akakubali asije. Kisha akauliza lile lile.

"Na ukuta?"

Mwenye Ukumbi akajikuna shingo. "Ukuta ni wa marehemu, Gundi. Kanuni unaijua. Wewe hujafariki."

"Mzee, daktari amesema nafuu hii si ya kudumu. Nikopesheni. Nitawalipa mapema tu."

Kipaza peke yake ndiye aliyecheka.

Jumamosi saa kumi alasiri kumbukumbu ikafanyika. Ukumbi ulifurika. Gundi akamwambia mdogo wake, "Nenda ukanitazamie." Akaenda, akasimama nyuma. Alimsikia Kipaza akisimulia jinsi alivyomshika mkono Gundi dakika ya mwisho. Watu walilia. Yeye mwenyewe, anakiri, alilia, na alijua kaka yake yuko nyumbani anachemsha chai. Mkono wa kulia ukuta ulikuwa mweupe, mtupu.

Akaitafuta michoro. Aliikuta kwenye korido ya chooni, furushi lote limeegemezwa kwenye mlango ili usijifunge. Akahesabu. Thelathini. Wa thelathini na moja aliuona aliporudi ukumbini. Ulikuwa jukwaani, umetandazwa chini ya ngoma kubwa, ili isiteleze. Ulikuwa ule wa mwanamke mwenye viatu mapajani. Uso wake ulikuwa chini ya kikanyagio cha mpiga ngoma, na kila pigo lilimkanyaga pale pale, kwenye macho yaliyofumbwa.

Bendi ilipopumzika alipanda jukwaani, mtu ambaye hajawahi kupanda jukwaa maishani, akaushika mchoro kwa ncha.

"Dada, acha hiyo," mpiga ngoma akamwambia. "Ngoma itateleza."

Akavuta. Karatasi ikachanika katikati.

Alirudi nyumbani na furushi. Gundi akahesabu, kama mdogo wake alivyojua atahesabu.

"Thelathini. Mmoja uko wapi?"

"Kuna mtu ameupenda, kaka. Ameomba aende nao."

"Nani?"

"Mtu wa mbele kabisa. Karibu na ngoma."

Gundi akalala akitabasamu. Wiki nzima alikuwa akimrudia: huyo mtu ni mwanamke au mwanamume? Aliutazama kwa muda gani? Alisema neno? Na mdogo wake, ambaye hana mazoea ya kusema uongo, akamjengea mtu kamili toka viatu hadi kofia, kila siku akimwongezea kidogo.

Baada ya hapo Gundi aliishi miezi miwili. Hakupata kazi hata moja. Watu walikuwa wameshamlilia, na si rahisi kumpelekea kazi mtu uliyekwisha kumlilia. Mabango yakaanza kutengenezwa kwa kompyuta. Njiani wenzake walivuka barabara wakimwona. Mwimbaji mmoja waliyegongana naye dukani alishindwa kumkwepa, akamwambia, "Aa, Gundi! Bado upo?" Naye akajibu, "Nisamehe, nipo." Alikuwa akijibu kwa dhati. Mdogo wake alikuwa nyuma yake na mkate, akayasikia.

Kisha mapafu yakajaa tena. Kisha ile Jumanne.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mdogo wake alikwenda ukumbini. Mazishini walikuwa watu tisa, kinyozi akiwa mmoja wao. Wengi waliosikia walidhani ni habari ya zamani. Alimkuta Mwenye Ukumbi anapanga viti. Akaamkia, akaeleza kwamba sasa kaka yake amefariki, kweli kweli, cheti anacho. Akaomba ukuta.

Haya ndiyo aliyojibiwa, kama alivyotusimulia: "Pole sana, binti. Lakini Gundi tulishamkumbuka. Mwezi wa pili, ukumbi ulijaa. Hatukumbuki mtu mmoja mara mbili. Tukianza hivyo tutamaliza lini?"

Turudie, ili asiwepo atakayesema hakusikia. Alipokuwa hai alinyimwa ukuta kwa sababu hajafa. Alipokufa alinyimwa kwa sababu ameshakumbukwa.

Kwa niaba ya kituo chetu tunampa pole mdogo wake, ambaye leo yuko hapa studioni, amekaa kwenye ncha ya kiti. Tunampa pole kinyozi. Tunawapa pole wote waliowahi kupandishwa ukutani na Gundi wakajiona wazuri kuliko walivyo. Na kwako unayetusikiliza, wewe uliyewahi kusimama kwenye ukumbi ule, wimbo ukakuchota: inawezekana uso wako upo kwenye furushi lile, na mwenye kuuchora alikutazama kuliko mtu yeyote aliyewahi kukutazama. Jiulize ulimsalimu lini. Jiulize ni nani mwingine unayemwekea maneno mazuri akiba, ukingoja asiweze kuyasikia. Nasi tuliosoma karatasi bila kuuliza, tunajiuliza pia.

Dada ana ombi moja. Mwenye Ukumbi alituahidi simu yake itakuwa wazi, na ameipokea. Yuko kwenye laini. Nyuma yake tunasikia bendi inajaribu vyombo. Dada, karibu. Sema.

"Shikamoo, mzee."

Sogea karibu na kipaza sauti, dada.

"Shikamoo, mzee. Ni mimi, mdogo wake Gundi. Siombi wiki. Naomba siku moja. Hata Jumatatu, ambapo hamna onyesho. Misumari nitakuja nayo, matundu nitaziba mwenyewe, chokaa nitapaka mwenyewe. Usiiite kumbukumbu. Usiiite kitu. Ni watu tu wapite wajitazame. Siku moja, mzee."

Laini haijakatika, wasikilizaji wapendwa.

"Mzee? Unanisikia?"